Tik-tik ya pampu ya mafuta

Wadau wa magari ya kizamani huku Uingereza, hii inawahusu. Ukifungua swichi ya Morris Minor, gari lililoanza kuuzwa 1948, unasikia tik-tik-tik kabla hujapiga stata. Usikimbilie kwa fundi! Hiyo ni pampu ya umeme ya SU, kampuni ya ndugu wa Skinner ambayo William Morris aliinunua 1926. Ndani yake sumaku ya umeme inavuta kiwambo, pointi zinaachana, springi inakirudisha, mafuta yanasogea. Kabureta ikijaa, kimya.

Ugonjwa basi ni tik-tik isiyokoma. Ikienda mbio, pampu inavuta hewa au tangi ni tupu. Ikienda polepole injini ikiwa imezimwa, mafuta yanapita mahali, mara nyingi kwenye sindano ya boya la kabureta. Na isipogonga kabisa, pointi zimeungua, ndiyo maana wazee walitembea na spana ya kuigongea (na ilifanya kazi!).

Injekisheni ilipoenea, pampu ikatumbukizwa ndani ya tangi, inapozwa na petroli yenyewe. Hiyo huvuma kidogo tu. Ikianza kulia kwa sauti kali, angalia filta, na acha tabia ya kuendesha taa ya mafuta ikiwaka.

Kisha Septemba 2021 ikaja E10, petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hula mipira ya zamani. Ukisikia Minor yako inagonga bila kukoma, anza na mipira, injini ikiwa imepoa. Palipopasuka baada ya pampu hapaingizi hewa, panamwaga petroli.