Mgeni njoo, mwenyeji apone: habari ya pwani ya Languedoc

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wageni wakija kwa maelfu, ni mwenyeji gani anayepona? Wasomaji, tutazame habari ya Languedoc na Roussillon, pwani ya kusini ya Ufaransa.

Kabla ya mwaka 1963 pwani ile, yenye urefu wa kilometa 180 hivi, ilikuwa mchanga, maziwa madogo ya maji ya chumvi, na mbu wengi. Wakulima wa huko walitegemea mizabibu. Watu wa Ulaya waliotafuta jua walipita tu na motokari zao, wakaenda kuacha feza katika inchi ya Hispania.

Mwaka ule Serikali iliweka tume, mkubwa wake bwana Pierre Racine. Tume ilianza na jambo la udongo. Ilijua kwamba habari ikienea tu, wajanja watanunua mashamba kwa bei ndogo na kuyauza kwa bei ya kutisha. Basi Serikali ilinunua kwanza, kimyakimya, mahali ambapo miji ingejengwa. Kisha, kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1962, ikapata haki ya kumtangulia kila mnunuzi katika sehemu za jirani. Baadaye ikatengeneza barabara, maji na bandari, ikapigana na mbu, ikapanda miti. Hapo ndipo wenye mali walipoitwa kujenga, kila mmoja kwa masharti. La Grande-Motte, mji uliochorwa na Jean Balladur, ni mmoja wa miji ile. Kati ya mji na mji iliachwa inchi isiyojengwa, ili pwani isiwe ukuta mmoja.

Kazi ya tume ilikwisha mwaka 1983. Matunda yake yanaonekana: wageni wanakuja, kazi ipo. Lakini nyumba nyingi hufungwa wakati wa baridi, na mahali pengine bahari inakula mchanga. Tena twajiuliza: mkulima aliyeuza kwa bei ya shamba, bila kujua yatakayojengwa, alipata sehemu gani ya faida? Wajanja walizuiwa, ni kweli. Lakini naye hakuambiwa.

Sisi wa Kivu na Tanganika tunakaa kando ya maji mazuri. Tusiwafukuze wenye mali. Ila tupange kwanza: pa kujenga, pa kulima, pa kuvulia samaki, na pasipoguswa. Na mwenyeji aelezwe yote kabla ya kutia kidole katika karatasi. Kwani feza huisha na kupatikana tena. Udongo ukiisha kuuzwa, haurudi.