Namba Moja, Mahali Pawili

Hebu jiulize: ukipewa namba za mahali, umeshapajua mahali penyewe? Historia inakwambia ngoja kwanza.

Al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alimaliza mwaka 1025 kitabu kizima cha kupima mahali ilipo miji. Shabaha yake moja ilikuwa kibla ya mji wa Ghazna. Hakukisia, alipima, akapiga hesabu juu ya dunia ya duara. Kwa hesabu ya namna hiyo, ukiwa Nakuru kibla yako ni kama digrii 9 mashariki ya kaskazini.

Baadaye wapimaji waligundua kuwa dunia si duara kamili, na kila mmoja akachagua umbo lake la kupimia. Kwetu Afrika, David Gill alipendekeza mwaka 1879 mnyororo wa vipimo kutoka Cape hadi Cairo, kwenye longitudo 30. Ulikamilika 1954. Humo ndimo kilimotoka kipimo cha Arc 1960, kinachotumika kwenye ramani za zamani za Kenya. Simu yako lakini inafuata setilaiti, na kipimo chake ni WGS84.

Sasa ona tatizo. Jamaa wanataka kuchimba kisima cha sadaka. Wamesoma namba kwenye ramani ya zamani, wakaziingiza kwenye simu. Hapa Nakuru watasimama kama mita 300 kaskazini ya mahali penyewe. Kwa kibla si kitu, maana Makka iko zaidi ya kilomita 2,400. Kwa kisima, hilo ni shamba la jirani!

Dawa yake ni hesabu. Nukta hugeuzwa kuwa namba 3 zinazopimwa kutoka kitovu cha dunia. Kisha unatoa mita 160 kwenye ya kwanza, 6 kwenye ya pili, 302 kwenye ya tatu, halafu unarudisha. Huna haja ya kuifanya kwa kalamu. Programu ya bure ya PROJ, iliyoanzishwa na Mmarekani Gerald Evenden, inageuza faili nzima kwa amri moja:

cs2cs EPSG:21037 EPSG:32737 nukta.txt

Lakini angalia mambo mawili. Longitudo 36 inapita kati ya Nakuru na Njoro, kwa hiyo nukta za Njoro zinataka 21036 na 32736. Pili, kwa amri hii urefu kutoka usawa wa bahari, ile namba ya tatu kwenye faili, hupita bila kuguswa. Usidhani umesahihishwa.

Basi kijana mwenzangu, ukiletewa namba usione haya kuuliza: kwa kipimo gani? Mpaka wa mtu ni haki yake, na haki haikisiwi. Ramadhan Kareem.