Kisogo cha mtoto kikiwa bapa: Ufanye nini nyumbani?

Mtoto akifikisha mwezi mmoja au miwili, mama anaweza kugundua wakati wa kumwogesha kwamba kisogo chake kimekuwa bapa, au kimebonyea upande mmoja. Hofu huingia, na ushauri huanza kumiminika: mkande kichwa, mlaze kifudifudi, mtafutie mto. Katika makala haya tunaeleza chanzo cha hali hii, ya kufanya nyumbani, na wakati wa kwenda zahanati.

Kwa nini hutokea?

Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga ni laini na bado haijaungana. Ndiyo maana utosi wake hudunda. Ulaini huo humsaidia kupita wakati wa kuzaliwa na huupa ubongo nafasi ya kukua. Lakini mtoto akiegemea sehemu ileile kila siku, sehemu hiyo hubonyea. Hutokea zaidi kwa watoto njiti na wale ambao shingo imekaza upande mmoja. Ubapa wa namna hii haudhuru ubongo.

Bado alale chali

Usimlaze mtoto kifudifudi ili kurekebisha kichwa. Mpaka afikishe mwaka mmoja, mlaze chali usiku na mchana. Kulala kifudifudi huongeza hatari ya kufa ghafla usingizini. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa takriban nusu. Usimwekee mto pia, hata ule unaouzwa kwa ajili ya kutengeneza kichwa, kwa sababu unaweza kumziba pumzi.

Ya kufanya akiwa macho

- Mlaze kifudifudi kwenye mkeka au kifuani pako, ukiwa unamtazama. Anza na dakika 3 hadi 5, mara 2 au 3 kwa siku, kisha ongeza kidogo kidogo. Shingo yake itapata nguvu.
- Mbebe. Akiwa mikononi, au mgongoni kwa kanga shingo ikishakaza, kisogo hakikandamizwi.
- Badilisha upande anaolalia. Watoto hupenda kugeukia mlangoni, kwenye mwanga au alipo mama. Leo kichwa kikiwa upande huu wa kitanda, kesho kiwe upande wa pili.
- Badilisha mkono unaompakatia wakati wa kunyonyesha.

Kuhusu kukanda kichwa

Bibi wengi wamezoea kukanda kichwa cha mtoto kwa kitambaa cha moto ili kiwe mviringo. Nia yao ni njema, lakini tunashauri msifanye hivyo. Kukandamiza hakurekebishi mifupa, na maji ya moto yanaweza kumuunguza. Kichwa kilichorefuka wakati wa kuzaliwa kwa kawaida hurudi chenyewe ndani ya siku au wiki chache.

Nenda zahanati ukiona haya

- Mtoto anageuza kichwa upande mmoja tu. Huenda msuli wa shingo umekaza, na mhudumu atakuonyesha mazoezi ya kuunyoosha.
- Ubapa ulikuwepo tangu kuzaliwa na unazidi, au kuna tuta gumu kama mfupa uliounganika kichwani.
- Kichwa kinakua haraka kupita kiasi.
- Ubapa haupungui baada ya miezi 6.

Utosi ukivimba na kukaza mtoto akiwa ametulia, au ukizama ndani huku anaharisha au kutapika, usisubiri. Mpeleke siku hiyohiyo.

Kwa watoto wengi, kisogo huanza kurudi wanapoweza kujigeuza na kukaa, na nywele hufunika kilichobaki. Siku ya kliniki, mwombe mhudumu akipime kichwa na kukuandikia kwenye kadi. Mkifika nyumbani, msomee bibi makala haya, maana naye ni mlezi.