Kadi ya zaka Ufipa

Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 wakaikabidhi kwa wamisionari wa Kardinali Lavigerie, Mapadre Weupe. Mapadre walinunua watoto watumwa ili wawe huru. Fedha ya kanisa ilikomboa mtu, na jambo hilo ninaliheshimu. Lakini waliokombolewa walibaki kwenye ardhi ya misheni, chini ya amri ya misheni. Hapo sadaka na utawala vilianza kukaa nyumba moja.

Mwaka 1969 jimbo Katoliki la Karema likaitwa Sumbawanga, chini ya Askofu Karolo Msakila. Mwaka uliofuata Rais Nyerere, Mkatoliki, aliwaambia watawa wa Maryknoll, New York, kwamba Kanisa lisiposhiriki kuiasi mifumo inayowafanya watu maskini, halitakuwa na maana kwao.

Huku kwetu Mwimbi, Ufipa, shangazi yangu alilima ntumba maisha yake yote, yale matuta ya mviringo yanayofukia majani yawe mbolea. Kila mavuno alipeleka debe la mahindi kanisani. Alipofariki, wazee wa kigango waliomba kwanza kadi yake ya zaka. Miezi ya mwisho ilikuwa mitupu: miezi ya ugonjwa. Kwa hiyo padre hakuja kumzika. Tulimzika kwa rozari yetu, msimu uleule tuliochangishwa gari la paroko.

Viongozi wa jumuiya, kabla ya kukagua kadi ya marehemu, ulizeni nani alimpelekea uji alipokuwa kitandani.