Fremu ya feleji ya baiskeli

Fremu ya feleji ya baiskeli ni kiunzi cha baiskeli kilichoundwa kwa mabomba ya feleji. Makala hii inahusu hasa fremu za baiskeli za barabara, yaani baiskeli nyepesi zenye usukani uliopinda kuelekea chini, zilizotengenezwa katika karne ya 20. Fremu hizo siku hizi hununuliwa zikiwa zimetumika na kuundwa upya kwa safari za kila siku za kwenda kazini au shuleni. Kwa mtumiaji wa namna hii, jina lililoandikwa kwenye fremu lina uzito mdogo kuliko mambo mawili: kama fremu ni nzima, na kama vipimo vyake vinalingana na vipuri vinavyopatikana.

Historia

Baiskeli ya kisasa hufuata mfano wa Rover, iliyotolewa na John Kemp Starley mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Baada yake fremu yenye pembetatu mbili, moja mbele na nyingine nyuma, ilikuwa umbo la kawaida.

Mwaka 1897 kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilipata hataza ya bomba ambalo kuta zake ni nene kwenye ncha na nyembamba katikati. Ncha hubeba mkazo wa maungio, na wembamba wa katikati hupunguza uzito. Mwaka 1935 kampuni hiyo ilitoa bomba la Reynolds 531, la feleji yenye manganisi na molibdeni. Nchini Italia kampuni ya Columbus ilijulikana kwa mabomba ya feleji yenye kromi na molibdeni, na nchini Japani zilikuwepo Tange na Ishiwata. Mafundi walizoea kuunganisha mabomba hayo kwa viungio vya chuma vilivyolehemiwa kwa shaba au fedha.

Kuanzia miaka ya 1980 alumini, na baadaye nyuzi za kaboni, zilichukua nafasi ya feleji katika baiskeli za mashindano.

Sifa

Feleji ni nzito: uzito wake kwa ujazo ni karibu mara tatu ya ule wa alumini. Lakini mara nyingi hupinda kabla ya kukatika, hivyo kasoro inaweza kuonekana mapema. Udhaifu wake mkubwa ni kutu. Fremu nyingi za zamani zina matundu ya kufungia madigadi na nafasi ya kutosha kwa tairi pana kidogo, mambo yanayofaa kwa safari za kila siku. Fremu zilizotengenezwa kwa ajili ya mashindano tu mara nyingi hazina.

Vipimo

Viwanda vya zamani vilifuata vipimo tofauti kulingana na nchi na kipindi. Fremu ya bei ndogo inaweza kuwa na gharama kubwa ikiwa vipuri vyake ni adimu. Vipimo muhimu ni hivi:

• Upana wa uma wa nyuma. Fremu za gia tano za nyuma kwa kawaida zina mm 120, za gia sita au saba mm 126, na za gia nane au zaidi mm 130. Fundi mwenye ujuzi anaweza kutanua feleji kutoka mm 126 hadi 130, kwa kupinda pande zote mbili kwa kiasi sawa. Fremu ya alumini haipaswi kupindwa hivyo.

• Kipenyo cha ringi. Ringi ya 700C ina kipenyo cha mm 622 mahali tairi inapokaa, na ringi ya inchi 27 ina mm 630. Ringi ya 700C ikiwekwa kwenye fremu ya inchi 27, mpira wa breki lazima ushuke mm 4 zaidi. Kama breki haifiki, zinahitajika breki zenye mikono mirefu.

• Hesi za ekseli ya pedali. Kipimo cha Kiingereza kina upana wa mm 68, na hesi ya upande wa kulia hufungwa kinyume. Kipimo cha Kiitalia kina mm 70, na hesi za pande zote mbili hufungwa kwa njia ya kawaida. Hesi za Kifaransa za zamani ni za aina nyingine, na vipuri vyake ni vigumu kupata.

• Kipenyo cha nguzo ya kiti. Fremu nyingi za mabomba bora hutumia mm 27.2. Kipimo kidogo zaidi mara nyingi huonyesha bomba nene na zito.

Ukaguzi kabla ya kununua

Rangi mpya inaweza kuficha ufa. Kwa hiyo fremu hukaguliwa mchana, ikiwa imesafishwa:

• Sehemu ya chini ya mabomba mawili yanayoanzia kwenye shingo ya usukani hupapaswa kwa kidole. Uvimbe au mkunjo nyuma ya shingo ni dalili ya kugongwa kwa mbele.

• Uma wa mbele hutazamwa kutoka ubavuni. Ukionekana umerudi nyuma, haufai mpaka uchunguzwe na fundi. Uma ukivunjika barabarani humwangusha mwendeshaji bila onyo.

• Uzi hufungwa kwenye nafasi ya ekseli ya nyuma upande mmoja, huzungushwa kwenye shingo na kurudishwa upande wa pili. Umbali kati ya uzi na bomba la kiti unapaswa kuwa sawa pande zote mbili.

• Nguzo ya kiti na shina la usukani lazima vizunguke na kutoka. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka mingi ndani ya feleji bila grisi hushikana nayo kwa kutu, na kuitoa kunaweza kuharibu fremu.

• Kutu ya juujuu husuguliwa na kupakwa rangi. Kutu iliyotoboa bomba, hasa karibu na ekseli ya pedali ambako maji hujikusanya, ni sababu ya kuiacha fremu.

Matengenezo

Feleji inaweza kuungwa tena, lakini si kwa kila njia. Bomba la Columbus SL, kwa mfano, lina unene wa mm 0.6 tu katikati. Uchomeleaji wa umeme unaotumika kwa mageti na madirisha unaweza kulitoboa au kulidhoofisha. Kazi hiyo huhitaji fundi anayelehemu mabomba membamba.

Afrika ya Mashariki

Baiskeli za feleji zilizoenea zaidi Afrika ya Mashariki si za barabara bali zile nzito za mizigo na abiria, kama vile Raleigh, Phoenix na Hero, ambazo zilitumika pia katika bodaboda za mwanzo mpakani mwa Kenya na Uganda. Vipuri vya aina hizi mbili mara nyingi havibadilishani. Ringi ya inchi 28 ya baiskeli hizo ina kipenyo cha mm 635, ilhali baadhi ya tairi za 700C pia huandikwa "28". Njia ya uhakika ni kusoma namba ya milimita ubavuni mwa tairi, kama 32-622, ambapo 32 ni upana na 622 ni kipenyo cha ringi.