Wachekeshaji wa Kenya nje ya jukwaa

Wachekeshaji wengi wa Kenya hujulikana kwa majina ya wahusika wanaoigiza kuliko kwa majina yao ya kuzaliwa. Mhusika huwa na kabila lake, lafudhi yake na ndoa yake, na mara nyingi havifanani na vya msanii mwenyewe. Makala hii inaeleza jinsi pande hizo mbili zilivyohusiana tangu enzi za televisheni ya taifa hadi za intaneti.

Lafudhi na kabila la kuigiza

Vichekesho vya Kiswahili nchini vilijengwa juu ya lafudhi. Katika mji kama Isiolo, ambako Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana sokoni, matamshi ya Kiswahili humtambulisha mtu kabla hajataja jina lake. Waigizaji walilitumia jambo hilo hilo mbele ya taifa zima, na wengi waliiga watu wasio wa kwao. Lafudhi ya kaskazini, kwa mfano, imeigwa sana na wasanii ambao si wenyeji wa huko.

Mfano mkubwa ni Benson Wanjau, aliyejulikana kama Mzee Ojwang'. Katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya shirika la utangazaji la taifa (KBC), alikuwa mzee wa Kijaluo mwenye maneno mengi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Mkewe katika Vitimbi, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere. Watazamaji wengi waliwadhania kuwa mume na mke kweli, lakini kila mmoja alikuwa na familia yake. Uzeeni Wanjau alisumbuliwa na macho, wananchi wakachanga fedha za matibabu. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na miaka 78.

Mhusika anayejificha

Katika Papa Shirandula, kipindi cha Citizen TV, kichekesho chenyewe kilitokana na maisha ya kujificha. Papa ni mlinzi wa mlangoni, lakini hutoka nyumbani amevaa suti ili mkewe Wilbroda aamini kwamba ana kazi ya ofisini. Papa aliigizwa na Charles Bukeko, naye Wilbroda akaigizwa na Jacqueline Nyaminde. Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020 kwa ugonjwa wa UVIKO-19, akazikwa kwao katika kaunti ya Busia. Hata katika maombolezo, watu wengi walimwita Papa.

Kutoka kejeli hadi siasa

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna waliunda kundi la Redykyulass na kumwigiza Rais Daniel arap Moi akiwa bado madarakani. Baadaye waliokuwa wakiwacheka watawala waliingia katika utawala. Kiarie alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Mong'are, aliyezoeleka kwa jina la Nyambane, alifanya kazi serikalini wakati wa Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka 2022 akajitosa kuwania urais, ingawa jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura.

Umaarufu na hifadhi

Kipindi cha Churchill Show cha Daniel Ndambuki kiliwapa wachekeshaji vijana wengi jukwaa, lakini kuonekana kwenye televisheni hakukuwa sawa na kuwa na ajira ya kudumu. Mchekeshaji hutegemea sherehe, matangazo na mialiko, kwa hiyo akiugua kipato hukatika siku hiyo hiyo. Ben Maurice Onyango, yaani Othuol Othuol, aliyetamba katika kipindi hicho, aliugua kwa muda mrefu na kufariki Oktoba 2020.

Enzi za intaneti

Video za mitandaoni zimepunguza umbali kati ya msanii na mhusika wake. Timothy Kimani, maarufu kama Njugush, aliigiza pamoja na mkewe halisi, Celestine Ndinda, na ndoa yao ikawa kiini cha maonyesho yao ya jukwaani. Mtazamaji wa Vitimbi alikosea kwa kudhani ndoa ya kuigiza ni ya kweli. Wa leo anaonyeshwa ndoa ya kweli iliyopangwa kwa ajili ya kamera. Katika enzi zote mbili, sehemu kubwa ya maisha ya mchekeshaji hubaki nje ya kile anachokionyesha.