Mfahamu Elizabeth wa Toro: wakili aliyegeuka mwanamitindo, akaigiza filamu, akamkimbia Amin

Ukisikia mwanamitindo kageuka mwigizaji, Watanzania wengi jina la kwanza kuwajia ni Wema Sepetu, aliyetwaa taji la Miss Tanzania 2006 kisha akaingia Bongo Movie. Kumbe njia hiyo ilishakanyagwa zamani hapa Afrika Mashariki, na aliyetangulia alikuwa binti mfalme, tena wakili.

NI NANI?

Jina lake ni Elizabeth Bagaaya, maarufu kama Elizabeth wa Toro. Alizaliwa mwaka 1936 katika ufalme wa Toro, magharibi mwa Uganda, ambao makao yake ni Fort Portal. Baba yake, Rukidi III, alikuwa Omukama, yaani mfalme wa Toro. Kwa msomaji wa Kyela, fikiria malafyale wa Wanyakyusa, ila huyu alikuwa mmoja tu kwa Toro yote.

Alisoma Gayaza, shule ya wasichana inayojulikana sana Uganda, kisha akapelekwa Sherborne, Uingereza, ambako alikuwa mwanafunzi pekee mweusi. Akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge na kuhitimu mwaka 1962. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili nchini Uingereza.

Hapo ungedhani maisha yameshanyooka. Wapi!

KWA NINI ALIINGIA KWENYE MITINDO?

Desemba 1965 baba yake alifariki. Kaka yake, Patrick Olimi Kaboyo, akarithi kiti, na Elizabeth akawa Batebe, cheo cha dada wa mfalme. Batebe si pambo la sherehe, ni mshauri wa karibu wa Omukama.

Ila siasa ilikuwa imechafuka. Kwetu Tanganyika machifu waliondolewa madaraka ya kiserikali mwaka 1963 bila mzinga kulia. Uganda mambo yalikuwa mengine. Mei 1966 jeshi la Milton Obote lilivamia ikulu ya Kabaka wa Buganda, na mwaka 1967 katiba mpya ikafuta falme zote. Elizabeth, dada wa mfalme asiye na ufalme, akawa mtu wa kutazamwa kwa jicho baya na serikali.

Mlango ulifunguka kutoka mahali asipotarajia. Mwaka 1967 Princess Margaret, mdogo wake Malkia wa Uingereza, alimwalika London kwenye onyesho la mavazi la nchi za Jumuiya ya Madola. Akaenda, akapanda jukwaani, akapendwa. Akabaki huko.

Zingatia umri wake. Alikuwa na miaka kama 31, wakati wanamitindo wengi huanza wakiwa wasichana wadogo. Hata hivyo, alipigwa picha na jarida la Vogue, na mwaka 1969 akatokea kwenye jalada la Harper's Bazaar. Enzi hizo uso wa mwanamke mweusi kwenye jalada la aina hiyo ulikuwa kitu adimu mno.

FILAMU YA KWANZA

Kutoka kwenye picha za magazeti akahamia kwenye sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Nigeria kuigiza katika filamu iliyotokana na riwaya mbili za Chinua Achebe, Things Fall Apart na No Longer at Ease. Iliongozwa na Mjerumani Hans Jürgen Pohland, na pembeni yake alikuwepo Johnny Sekka, mwigizaji mzaliwa wa Senegal.

AMIN ANAINGIA

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Kwa familia za kifalme, mwanzoni hiyo ilionekana nafuu. Elizabeth akarudi nyumbani, akapewa kazi ya ubalozi, na mwaka 1974 Amin akamteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kiti chenyewe kilikuwa cha moto: mtangulizi wake, Michael Ondoga, aliuawa muda mfupi baada ya kuondolewa.

Kabla mwaka haujaisha, Amin akamfukuza kazi, tena kwa kumwaga tope hadharani. Alidai Elizabeth alifanya mambo ya aibu na mzungu kwenye uwanja wa ndege jijini Paris. Tuhuma hizo zikasambaa duniani. Ni wazi kwa nini zilimlenga yeye: aliyewahi kuishi kwa kupigwa picha ni rahisi kuchafuliwa, kwa sababu watu wapo tayari kuamini lolote.

Mwaka 1975 alitoroka akaingia Kenya, kisha akaenda Ulaya. Huko hakunyamaza. Wakili yule wa mwaka 1965 aliyashtaki magazeti ya Uingereza yaliyochapisha uzushi huo, akashinda na kulipwa fidia.

SHEENA, 1984

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walimng'oa Amin. Miaka mitano baadaye Elizabeth alionekana tena kwenye sinema, safari hii ya Hollywood. Filamu ni Sheena, iliyopigwa Kenya, mhusika mkuu akiwa Tanya Roberts. Elizabeth aliigiza mganga anayemlea mtoto wa kizungu aliyefiwa na wazazi wake.

Filamu haikufanya vizuri, wahakiki waliiponda. Lakini inaonyesha Hollywood ya wakati ule ilivyokuwa: ukiwa Mwafrika, hata ukiwa binti mfalme mwenye shahada ya Cambridge, nafasi yako ilikuwa kumlea shujaa mzungu.

BAADA YA HAPO

Yoweri Museveni alipochukua nchi mwaka 1986, alimteua kuwa balozi Marekani. Mwaka huohuo alimpoteza mumewe, rubani Wilbur Nyabongo, kwa ajali ya ndege huko Casablanca, Morocco. Baadaye aliiwakilisha Uganda Ujerumani na Nigeria.

Falme zilirudishwa mwaka 1993. Kaka yake alipofariki mwaka 1995, kiti kilikwenda kwa Oyo, mtoto wa miaka mitatu, na shangazi Elizabeth akawa mmoja wa watu wazima waliosimama nyuma yake.

Maisha yake ameyaandika mwenyewe katika vitabu viwili, cha mwaka 1983 na cha mwaka 1989. Baada ya miaka mingi ya wengine kumwonyesha wanavyotaka, kwenye majalada, kwenye sinema na kwenye hotuba za Amin, safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwake.